Gemu Inakufa au Inauza? Jibu kwa Msomaji wa Wete

Swali:

"Assalaam aleikum. Sisi ni vijana wanne hapa Wete, ndugu watatu na mtoto wa mama yetu mdogo. Tumeanza kuchanga pesa ili tuingie World of Warcraft, ile gemu ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi. Kaka yangu mkubwa anasema tunazitupa baharini: gemu ilikuwa na watu milioni 12, wakakimbia, na kampuni ya Blizzard ikaona bora iache kutangaza idadi. Mtoto wa mama mdogo anasema huo ni uongo, maana toleo la nyongeza la Shadowlands liliuza nakala milioni 3.7 kwa siku ya kwanza tu, na gemu iliyokufa haiuzi namna hiyo. Wamebishana barzani mpaka sasa hawasemezani. Nani mkweli? Na tuingie au tuache?"

Jibu:

Waaleikum salaam warahmatullah. Nianze na hao wawili wasiosemezana, kwa sababu namba zote mbili walizozitaja ni za kweli. Milioni 12 ilitangazwa na Blizzard wenyewe, Oktoba 2010. Milioni 3.7 nayo waliitangaza wenyewe, baada ya Shadowlands kutoka tarehe 23 Novemba 2020. Kaka yako hakudanganya, wala mdogo wake. Kosa lao ni kudhani kwamba namba hizo zinajibu swali moja, na kwamba moja ikishinda nyengine imeanguka.

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kusoma daftari za watu, na gemu hii nimeicheza tangu 2008 kwenye kafe ya intaneti ya Mlandege. Kwa hivyo swali lako limenigusa pande zote mbili, na nitalijibu kwa urefu.

Nyinyi ni watu wa Pemba, basi tuanze na karafuu. Siku kituo cha ununuzi kinapofunguliwa msimu, magunia yanayopimwa asubuhi ile hayakuchumwa asubuhi ile. Watu wameshachuma, wameshachambua makonyo, wameanika majamvini, wameweka ndani wanangoja. Mizani inapofunguliwa inapima kazi ya siku nyingi kwa saa chache. Mgeni akisimama pale akaona foleni, atasema mavuno ya mwaka huu hayana mfano. Na huenda yakawa hivyo kweli. Lakini hajaingia shambani hata mara moja. Hajui ni mikarafuu mingapi imesimama, mingapi imekauka, wala wachumaji wangapi wamekuja kwa msimu tu na watarudi kwao wakilipwa.

Mauzo ya siku ya kwanza ni mizani ya kituo. Idadi ya wanaolipia kila mwezi ni mikarafuu iliyosimama.

Shadowlands ilianza kuuzwa kwa malipo ya mapema mwezi wa Novemba 2019, pale ilipotangazwa. Ilikuwa itoke tarehe 27 Oktoba 2020, ikaahirishwa karibu mwezi mzima. Maana yake ile "siku ya kwanza" ilibeba mwaka mmoja wa watu waliokwishalipa wakingoja. Kampuni haikuficha jambo hili. Tangazo lenyewe lilisema nakala zilizouzwa kabla zimo ndani ya hesabu. Ila habari ikipita midomo mitatu minne, maneno hayo ndiyo ya kwanza kudondoka njiani, ikabaki "milioni 3.7 kwa siku moja".

Sasa linganisha na zamani. The Burning Crusade, toleo la nyongeza la mwanzo kabisa, lilitoka tarehe 16 Januari 2007 na likauza nakala karibu milioni 2.4 katika saa 24. Wakati ule wanaolipia walikuwa milioni 8. Mtu wa haraka atagawa, ataona ni kama watatu katika kumi, kisha atasema: kumbe hata enzi za neema wengi hawakununua siku ile. Hesabu hiyo ni mbovu. Katika ile milioni 8, zaidi ya milioni 3.5 walikuwa China, na China hilo toleo lilikuwa halijafika. Marekani ya Kaskazini walikuwa zaidi ya milioni 2, Ulaya zaidi ya milioni 1.5. Ukiwagawa wanunuzi kwa hao waliokuwa na njia ya kununua, unapata karibu saba katika kumi. Na walikwenda madukani kwa miguu, wengine usiku wa manane, kuchukua boksi lenye diski. Hakuna aliyebonyeza kitufe akiwa kitandani.

Namba ya 2007 ni ndogo kuliko ya 2020, lakini nyuma yake kulikuwa na jamii iliyoinuka karibu yote kwa pamoja. Ndiyo maana 3.7 kuwa kubwa kuliko 2.4 hakunionyeshi kwamba gemu imekua. Kunanionyesha kwamba njia ya kununua imefupika.

Sasa tuingie shambani, maana hapa ndipo mtoto wa mama yenu mdogo anahitaji kukaa kitako asikilize.

Cataclysm ilitoka tarehe 7 Disemba 2010. Iliuza nakala milioni 3.3 kwa siku moja na milioni 4.7 kwa mwezi mmoja, mauzo makubwa kuliko toleo lolote lililotangulia. Miezi michache baadaye wanaolipia wakawa milioni 11.4. Katikati ya 2011, milioni 11.1. Robo ya mwaka iliyofuata, 10.3. Toleo lililovunja rikodi ya mauzo ndilo lililofungua mlango wa kuporomoka, na mambo hayo mawili yalitokea kwenye miezi ile ile.

Halafu ikaja Warlords of Draenor, Novemba 2014. Hiyo nimeicheza usiku na mchana na bado inaniuma. Kabla haijatoka, wanaolipia walikuwa milioni 7.4. Ilipotoka iliuza nakala milioni 3.3 kwa siku moja, na idadi ya wanaolipia ikaruka kupita milioni 10. Sote tulisema gemu imefufuka. Mimi mwenyewe niliwapigia rafiki zangu wa zamani, nikawarudisha wawili. Kufika mwisho wa Machi 2015, wanaolipia walikuwa milioni 7.1. Yaani karibu milioni tatu waliingia, wakaangalia, wakatoka, na wakachukua na baadhi ya waliokuwamo. Katikati ya mwaka ule walibaki milioni 5.6.

Sababu tuliokuwamo tuliiona. Toleo lile lilimpa kila mchezaji ngome yake binafsi, yenye machimbo yake, bustani yake na watumishi wake. Raha ya mwanzo ilikuwa kubwa. Lakini gemu hii uhai wake ni kukutana: unakwenda mjini kuuza, unamkuta mtu, mnaungana, mnakwenda kumpiga bosi pamoja. Tulipopewa ngome kila mtu alijifungia kwake. Miji ikawa mitupu wakati wachezaji wamo. Na nyongeza ya Februari 2015, ambayo wengi tuliitegemea ilete kazi mpya ya kufanya, kitu kilichosemwa zaidi ndani yake kilikuwa kamera ya kujipiga picha. Watu hawakuondoka kwa sababu gemu ilikuwa haiuzi. Waliondoka wakiwa wameshanunua.

Kwa hivyo mtu akikwambia "imeuza sana, basi iko hai", mjibu kwa Draenor. Jibu hilo linatosha.

Lakini kaka yenu mkubwa asifurahi upesi, kwani namba yake ya milioni 12 nayo ina mengi ndani.

Kwanza, tazama tarehe. Wrath of the Lich King ilitoka Marekani na Ulaya Novemba 2008, ila China ilichelewa mpaka mwisho wa Agosti 2010. Kilele cha milioni 12 kilitangazwa wiki chache tu baada ya China kulipata toleo ambalo wengine walikuwa nalo karibu miaka miwili. Sehemu ya kilele kile ni kiu iliyokuwa imefungiwa. Na wimbi lilipoteremka 2011, ile robo ya kushuka hadi 10.3 kampuni ilieleza kuwa waliopungua walikuwa zaidi wa China. Mwanzo wa 2013, walipotoka milioni 9.6 wakawa 8.3, ikaelezwa tena kuwa pigo kubwa lilikuwa Mashariki, ingawa safari hii na Magharibi waliguswa.

Pili, nani anahesabiwa kuwa "analipia"? Kampuni ilikuwa na maelezo yake, na niliyasoma kama ninavyosoma daftari la mteja. Aliyelipa ada ya mwezi anahesabiwa. Mwenye kadi ya malipo ya kabla ambayo haijakwisha, pia. Aliyenunua gemu na yumo katika mwezi wake wa bure, pia. Na aliyeingia kupitia vyumba vya gemu, yaani kafe za intaneti, ndani ya siku 30 zilizopita, pia. China watu wengi walilipa kwa saa. Mchina aliyenunua saa chache na Mjerumani aliyelipa mwezi mzima walikaa kwenye mstari mmoja, kila mmoja akiwa mtu mmoja, ingawa fedha walizoleta hazikukaribiana.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa namba ya uongo, au tuseme namba ya kweli isiyo na mtu. Wrath niliipata kwenye diski aliyoniletea binamu yangu kutoka Maskati, pamoja na kadi tatu za siku 60. Nikaziingiza zote tatu kwa mpigo kwa furaha. Mwezi wa pili ukaja msimu wa mitihani ya uhasibu, nikaacha kwenda Mlandege kabisa. Kwa miezi minne sikuingia hata siku moja, na kwenye hesabu ya kampuni nilikuwa mteja kamili.

Jambo hilo lilitokea na kwa idadi kubwa. Mwishoni mwa 2011 Blizzard walitoa mkataba wa mwaka: ahidi kulipia World of Warcraft miezi 12, na Diablo III, gemu yao nyengine, utaipata bure. Ilipotoka Diablo III mwezi wa Mei 2012, zaidi ya watu milioni 1.2 waliipata kwa njia hiyo. Hao walikuwa wamefungwa na mkataba. Wangapi kati yao walikuwa Azeroth, ulimwengu wa gemu hii, kila jioni, na wangapi walikuwa wanalipa tu huku wanacheza Diablo? Hesabu ya wanaolipia haiwezi kukutofautishia.

Na tangu Aprili 2015 kuna tokeni. Mwenye fedha ananunua tokeni kwa dola 20, anaiuza ndani ya gemu kwa dhahabu, na mwenye dhahabu anaigeuza kuwa mwezi wa kucheza. Ada ya kawaida Marekani ni dola 14.99. Kwa hivyo anayecheza bila kutoa senti mfukoni ameiletea kampuni zaidi ya yule anayelipa mwenyewe. Hapo ndipo idadi ya watu na idadi ya fedha zilipoanza kwenda njia mbalimbali.

Sasa lile la kuacha kutangaza. Kaka yenu anasema waliona aibu. Namba ya mwisho ilitoka Novemba 2015: milioni 5.5. Wakasema kuanzia hapo hawatatangaza tena, kwamba kuna vipimo vingine vinavyoeleza biashara yao vizuri zaidi. Nitasema ninavyoona kama mhasibu. Mtu anayetangaza mapato ya duka lake kila mwezi kwa miaka, kisha akaacha mwezi ambao ni mbaya kuliko yote ya karibu miaka kumi, hakuacha kwa bahati tu. Hapo nipo na kaka yenu. Lakini kuacha kutangaza si kufa. Ni kukwambia kwamba ile namba haimpendezi tena mwenye duka. Kilichotokea baadaye kwenye daftari hukijui, wala kaka yenu hakijui.

Walichokileta badala yake ni idadi ya watu walioingia ndani ya mwezi, kwa gemu zote za Blizzard kwa pamoja, na mtu anayecheza gemu mbili anahesabiwa mara mbili. Mwisho wa 2020, pale pale Shadowlands ilipotoka, idadi hiyo ilikuwa milioni 29. Robo iliyofuata, 27. Kuna wanaoishika namba hii kama ushahidi kwamba Shadowlands ilianguka. Mimi siishiki. Imechanganya gemu nyingi ndani ya pakacha moja, huwezi kujua samaki yupi ndiye aliyeoza.

Kuna mambo mawili ya baada ya 2015 ambayo ni mazito zaidi, na kaka yenu hakuyataja. Agosti 2019 walifungua tena gemu kama ilivyokuwa mwanzo, wakaiita Classic, na ada yake ni ile ile moja. Hakukuwa na nakala ya kuuza. Mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa sifuri, kwa kuwa hakukuwa na boksi wala toleo. Na bado kampuni ilitangaza kwamba ni ongezeko kubwa la wanaolipia ndani ya robo moja katika historia nzima ya gemu hii. Msingoje mfano bora zaidi ya huo wa namna mizani na shamba visivyotegemeana.

La pili ni Dragonflight, Novemba 2022. Safari hii hawakujigamba kwa nakala za siku ya kwanza. Walichokisema baada ya miezi michache ni kwamba huko Magharibi wanaolipia wanabaki kwa kiwango kikubwa kuliko walivyobaki, kwa muda kama huo, kwenye matoleo ya karibuni. Namba hawakutoa, kwa hivyo sitaijengea nyumba. Lakini mimi niliyeumizwa na Draenor, ningechagua kusikia habari hiyo kuliko kusikia milioni tano kwa siku moja. Hatimaye mwenye shamba alikuwa anazungumzia miti.

Mwezi wa Machi 2024, tayari wakiwa chini ya Microsoft, mmoja wa wakubwa wa gemu alionyesha mbele ya watengenezaji wenzake mchoro wa wanaolipia kwa miaka yote. Mstari unapanda na kushuka kwa kila toleo, lakini pembeni hakuna namba. Watu wakachukua rula, wakalinganisha na namba za zamani zinazojulikana, wakakadiria milioni 7 na kitu. Ni makadirio ya rula, yachukulieni hivyo. Umbo la mstari lakini si la kukadiria: ni milima, na kila mlima una mteremko wake, na mteremko wa mwisho pale ulikuwa mpole kuliko ya kabla yake.

Basi nani mkweli? Gemu si ile ya 2010 na haitakuwa tena, hapo mkubwa amesema haki. Lakini haijafa, na ushahidi wake si nakala milioni 3.7. Ni kwamba miaka zaidi ya ishirini tangu Novemba 2004, watu wanaendelea kulipa ada mwezi baada ya mwezi kwa kitu ambacho wanaweza kukiacha leo usiku.

Nije kwenye pesa yenu, kwani ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Msinunue toleo jipya kwanza. Tangu Julai 2018, ukilipa ada ya mwezi unapata gemu pamoja na matoleo ya nyongeza yaliyopita. Linalouzwa mbali ni jipya peke yake. Na kabla hata ya ada, akaunti ya majaribio inaruhusu kucheza bure mpaka levo ya 20. Fungueni akaunti, chezeni bure wiki mbili tatu. Gharama yenu ya kweli hapo ni bando na muda wa kulipakua gemu, na hilo ni faili kubwa, basi liachieni usiku kucha mahali penye intaneti ya mwezi, msitumie bando la simu. Ada ya Ulaya ni yuro 12.99 kwa kila akaunti, zaidi ya shilingi elfu thelathini, mara watu wanne, kila mwezi. Kwa vijana wa skuli si pesa ndogo, na msianze kuilipa kwa sababu ya ubishi wa barzani.

Chagueni seva za Ulaya, yaani mitambo ya kampuni ambayo wachezaji wa huko wanakutania. Sisi tuko saa moja mbele ya Paris wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa hivyo mkikaa saa tatu usiku baada ya Isha, kwao ni saa mbili au saa moja usiku, ndiyo kwanza wametoka kazini na wameingia. Mkicheza alasiri mtakuta wachache, na mtadhani kaka yenu alisema kweli. Seva nyingi ndogo zimeunganishwa tangu 2013, na tangu 2022 pande mbili za vita ambazo wachezaji wamegawanyika zinaweza kuingia pamoja mapangoni, kule wanakokwenda kupiga mabosi, kwa hivyo hata seva inayoonekana pweke ina majirani.

Halafu fanyeni hesabu yenu wenyewe. Ijumaa moja saa tatu usiku, mmoja wenu asimame kwenye mji mkuu wa upande wenu, mwengine ajiunge na foleni ya kuingia pango na wageni, na wa tatu ashike saa aone foleni inachukua dakika ngapi. Rudieni Jumanne, siku ambayo hakuna sikukuu. Andikeni kwenye daftari. Mkikuta watu, lipieni mwezi mmoja, si kadi tatu kwa mpigo kama nilivyofanya mimi. Na mumpe daftari hilo kaka yenu mkubwa alishike yeye, kwa sababu ndiye mwenye shaka, na mwenye shaka huhesabu vizuri.